Jinsi ya kutambua Jeep za majaribio kwenye picha za vita

Maelezo ya chini ya picha yaache mpaka mwisho. Karani aliyeyaandika alikuwa na rundo la picha mezani, na kwake kila kigari kidogo cha jeshi la Marekani kilikuwa Jeep basi. Hapa nazungumzia vile vya majaribio vya 1940 na 1941, kutoka kampuni za Bantam, Willys na Ford, ambavyo kijeshi vilihesabiwa kuwa malori ya robo tani, ingawa ukivitazama huwezi kuamini.

Hatua ya 1: Pata nakala nzuri. Picha nyingi za Signal Corps, kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani, zimehifadhiwa National Archives, hifadhi ya nyaraka ya taifa hilo, na zina namba inayoanza na SC. Tafuta kwa namba hiyo, kisha pakua TIFF, faili ya picha isiyopoteza undani, ikiwepo. JPEG iliyobanwa hufuta nati na kingo za bati, na hizo ndizo alama tunazozitafuta.

Hatua ya 2: Hakikisha picha haijageuzwa. Usukani uwe upande wa kushoto wa gari.

Hatua ya 3: Soma uso wa gari. Hapa usiwe na haraka. Anza na madigadi ya mbele. Yakiwa ya mviringo, fikiria Bantam ya kwanza kabisa, iliyofikishwa kwenye kambi ya jeshi ya Camp Holabird, Maryland, tarehe 23 Septemba 1940. Zilizofuata zilikuwa na madigadi bapa.

Sasa taa. Zikiwa juu ya madigadi, weka Ford pembeni na ufikirie Willys MA. Zikiwa zimeingizwa ndani ya shoo, yaani kizuizi cha mbele ya rejeta, fikiria Ford: ama Pygmy ya Novemba 1940, ama GP iliyoifuata. Ila Willys MB nayo iliiga mtindo huo, kwa hiyo angalia tarehe. MB ilianza kutoka mwishoni mwa 1941. Picha ya Machi mwaka huo haiwezi kuwa MB, hata maelezo yaseme nini.

Ukiona shoo ya bati moja lenye matundu tisa wima, funga faili. Huo ni mtindo wa Ford GPW ya 1942, ambao MB nayo iliufuata. Si gari la majaribio.

Hatua ya 4: Tazama magurudumu ya nyuma. Watu wengi huruka hapa. Kati ya Quad mbili, gari la kwanza la majaribio la Willys, ambazo kampuni hiyo ilipeleka Novemba 1940, moja iligeuza magurudumu yote manne, na Bantam chache pia zilitengenezwa hivyo. Tairi la nyuma likiwa limekata kona, umeokota dhahabu. Na ukihesabu ekseli tatu chini ya sura ya Jeep, huenda ni Willys MT, ambayo ni adimu.

Hatua ya 5: Fufua namba ya boneti. Ubavuni mwa boneti kuna W, kisha tarakimu; kwa vigari hivi huanza na 20. Mwanzoni ziliandikwa kwa buluu iliyofifia, hivyo picha nyeusi na nyeupe huzimeza. Punguza mwanga, ongeza kontrasti taratibu, ukiangalia sehemu hiyo peke yake.

Hatua ya 6: Linganisha na mahali. Askari wa Kisovieti ndani ya Willys MA wasikushangaze. Nyingi zilipelekwa huko kwa Lend-Lease, mpango wa Marekani wa kuwapa washirika wake vifaa vya vita.

Unapohifadhi, ushahidi utangulie jina: "Taa juu ya madigadi, usukani kushoto, namba haisomeki. Yaelekea Willys MA."