Helmeti ya baiskeli: namna ya kuichagua na kuikaza

Pima kichwa kabla ya kuuliza bei. Zungusha futi ya fundi cherehani juu kidogo ya nyusi, ipite kisogoni pale palipotokeza zaidi. Ukipata sentimita 57, tafuta helmeti iliyoandikwa, kwa mfano, 54–58. Aliyesuka apime na misuko yake, na fundo alishushe shingoni, maana likikaa utosini linainua helmeti. Hijabu nyepesi haina neno, ila pini zisibaki ndani.

Kinachookoa kichwa ni lile povu gumu la ndani. Hubonyea ili pigo lisifike lote kwenye ubongo, na likishabonyea halirudi. Kwa hiyo ukinunua ya mtumba pale soko la Mlango Mmoja, Mwanza, bandua vitambaa, itazame juani, uiminye taratibu pande zote. Ukiona ufa hata mwembamba kama unywele, bonyeo, au ganda lililoachana na povu, iache hata ukipewa bure. Iliyopakwa rangi upya iache pia: tina ya kuchanganyia rangi hula povu, na rangi huficha nyufa. Lebo ya EN 1078 (kiwango cha usalama cha Ulaya) au CPSC (cha Marekani) ndani yake ni dalili njema. Kofia ya mjengo haifai kabisa, maana imeundwa kwa vitu vinavyodondokea utosini.

Ivae ikae sawa, si kuegemea kisogoni, vidole viwili tu juu ya nyusi. Joto la mchana huwafanya wengi waisukume nyuma, na paji la uso, ambalo mara nyingi ndilo linalotangulia kwenye lami, linabaki wazi. Kaza kirungu cha nyuma, kile cha kuzungusha, kisha inamisha kichwa kabla hujafunga mkanda: isidondoke. Mikanda ya mbele na nyuma ikutane chini kidogo ya sikio. Kidevuni kipite kidole kimoja, viwili vikizidi. Piga mwayo mkubwa. Helmeti ivutike chini kidogo. Sasa isukume kutoka mbele. Ikirudi nyuma, fupisha mkanda wa mbele. Ikikuangukia machoni, fupisha wa nyuma. Fanya hivyo kabla ya kuteremka kilima cha Bugando.

Mtoto usimnunulie ya kukulia. Ikicheza, itageuka siku ya kuanguka.

Osha kwa maji na sabuni ya kawaida, kamwe si petroli. Ikishapigwa mara moja kwa nguvu, kata mikanda ndipo uitupe, asije mwingine akaiokota.