Okidi ikianza kuoza: namna ya kuikata, kuitibu na kuipanda upya

Majani ya okidi yakilegea na kukunjamana, mkono hukimbilia kopo la maji. Hapo ndipo okidi nyingi humalizikia. Jani hulegea kwa sababu mbili zinazopingana: mizizi haijapata maji, au mizizi imeoza na haiwezi tena kuyanyonya. Ukitazama sehemu ya juu tu, hali hizi mbili zinafanana kama mapacha. Kabla ya kumwagilia okidi iliyonyong'onyea, tazama mizizi kwanza.

Kwa nini mizizi inaoza

Okidi nyingi zinazofugwa ndani ya nyumba, na hasa aina iitwayo Phalaenopsis, asili yake ni juu ya miti. Mizizi yake hushika gome, hulowa mvua ikinyesha, kisha upepo huikausha baada ya muda mfupi. Kila mzizi umevikwa ganda nene, jeupe, lenye vitundu kama sifongo. Katikati yake kuna uzi mwembamba mgumu. Ganda hilo hufyonza maji haraka sana. Likikaa limejaa maji siku baada ya siku, hewa haipiti, seli hufa kwa kukosa oksijeni, na vimelea kama Pythium, Phytophthora na Fusarium hupata mlango. Kwa hiyo kosa haliko kwenye wingi wa maji unayomimina kwa mara moja. Liko kwenye muda ambao mizizi inakaa bila kupata hewa.

Vyanzo vya ukosefu huo wa hewa ni vichache na hurudiarudia. Magome ya miti ya kupandia okidi, yakiwa ya zamani na yamesagika kuwa kama udongo. Chungu kikubwa kuliko mizizi. Chungu cha pambo kisicho na tundu, ambamo maji yametuama chini bila mtu kuyaona. Kuna na kimoja kinachowaponyoka wengi: okidi iliyonunuliwa ikiwa na donge la sfagnamu (mmea laini uliokaushwa, unaoshika maji kama sifongo) lililoshindiliwa katikati ya mizizi. Magome ya pembeni yanakauka, donge la ndani bado linachuruzika, na wewe unaongeza maji kwa kufuata unachokiona juu.

Kusoma dalili

Mzizi ulio hai huwa mgumu ukiubonyeza. Ukilowa huwa wa kijani, ukikauka huwa na rangi ya fedha. Mizizi iliyokuwa gizani, ndani ya magome, mara nyingi huwa ya manjano iliyopauka au kahawia hafifu. Rangi hiyo peke yake si ugonjwa, kwa hiyo amini vidole kuliko macho. Uliooza huwa laini, hutoa maji, na ukiuvuta ganda linavuka kama soksi na kuacha ule uzi wa katikati. Ulio mkavu, mtupu na mwepesi kama karatasi ulikufa kwa kiu.

Kwenye majani, doa la majimaji linaloonekana kana kwamba jani limechemshwa, na lenye harufu mbaya, ni kazi ya bakteria. Hilo halisubiri kesho: linaweza kula jani zima kwa siku moja au mbili. Kwenye Phalaenopsis, jani changa la katikati likinyofoka kwa kuvutwa kidogo tu na kitako chake kikiwa cheusi, moyo wa mmea umeoza. Kwenye Cattleya, aina nyingine ya okidi, weusi unaoanzia chini na kupanda kwenye shina nene ni uozo mweusi, na huenda kasi. Ukikata shina lake linalotambaa ukaona duara la rangi ya zambarau ndani, hiyo ni Fusarium. Endelea kukata mpaka duara litoweke. Lisipotoweka, mmea hauponi.

Yapo pia yasiyo ugonjwa. Jani moja la chini kabisa kuwa njano na kuanguka ni uzee. Doa kavu lililopauka upande uliokabili dirisha, lisilopanuka, ni kuungua kwa jua. Usikate chochote kwa ajili ya hayo.

Kukata na kupanda upya

Andaa mkasi au wembe mpya, spiriti ya asilimia 70, magome mapya na chungu safi. Magome yalowekwe tangu jana yake, kwa sababu gome kavu husukuma maji badala ya kuyanyonya. Chombo cha kukatia kifute kwa spiriti kila unapotoka kwenye sehemu iliyooza kwenda kwenye nzima. Ukihamia mmea mwingine, tumia wembe mwingine au pitisha chuma kwenye moto, chupa ya spiriti ikiwa mbali. Spiriti haitoshi kuua virusi, na virusi vya okidi husafiri zaidi kwenye makali ya mikasi kuliko kwa njia nyingine yoyote. Okidi iliyopata virusi haina dawa.

1. Toa mmea kwenye chungu. Mizizi ikiwa imeng'ang'ania ukingo, minya chungu cha plastiki pande zote, au loweka dakika 20 ili mizizi ilegee. Usivute kwa nguvu.
2. Ondoa magome yote ya zamani pamoja na donge la sfagnamu la katikati. Osha mizizi kwa maji vuguvugu yanayotiririka.
3. Kata kila mzizi laini hadi ufike palipo pagumu na peupe. Mzizi uliooza katikati lakini ncha yake bado hai hauna faida. Kata juu ya uozo.
4. Kagua kitako cha shina. Kipande cha chini kilichokauka na kuwa kahawia kinaweza kuondolewa kwa vipande vyembamba mpaka rangi safi ionekane.
5. Acha mmea mahali pa kivuli penye hewa, mizizi ikiwa wazi, hadi kesho yake, ili majeraha yajifunge.
6. Panda kwenye chungu kinachoitosha mizizi iliyobaki, hata kama majani yatakizidi kwa mbali.

Kuhusu mdalasini: unga wake hukausha jeraha na kuzuia kuvu, na unafaa sana kupakwa kwenye jani au shina lililokatwa. Usiumwagie mizizi. Kule kukausha kunakosaidia kwenye jani ndiko kunakoua mizizi michache uliyoiokoa, na watu wengi humaliza mmea kwa dawa hii baada ya kuuponya kwa mkasi. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 nayo haichagui: huunguza kimelea na seli hai kwa pamoja. Itumie mara moja kwenye moyo wa mmea uliooza, basi. Kuimimina kwenye chungu kila wiki ni kuharibu ncha za mizizi mipya.

Dawa ya ukungu ya dukani husaidia baada ya kukata, haichukui nafasi ya kukata. Soma kiambato chake: thiofaneti-methili hufanya kazi kwa baadhi ya kuvu lakini haigusi Pythium wala Phytophthora, kwa hizo zinafaa metalaksili au fosetili-alumini. Dawa zenye shaba hupambana na bakteria pia, ila usizipulizie kwenye okidi aina ya Dendrobium wala kwenye maua yaliyochanua, maana huunguza. Wala usichanganye shaba na fosetili. Vaa glavu, na fuata kipimo cha pakiti. Kuzidisha hakuharakishi kupona.

Magome ya msonobari ya sentimita 1 hadi 2 yanafaa Phalaenopsis ya ukubwa wa kawaida. Kwa mmea mchanga au wenye mizizi myembamba tumia madogo zaidi. Ukiongeza mkaa na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba), jumla yake isizidi theluthi moja. Kama nyumba ni kavu sana, changanya sfagnamu kidogo, bila kuishindilia. Chungu cha plastiki angavu chenye matundu mengi ndicho bora, kwa sababu kinakuonyesha mizizi bila kung'oa mmea. Ingiza magome kati ya mizizi kwa kijiti, ukigongagonga chungu yashuke. Mmea usitikisike: ukiyumba, ncha mpya za mizizi husuguliwa na kufa kabla hazijashika, kwa hiyo ufunge kwenye kijiti. Mizizi ya hewani iache nje. Kuilazimisha kuingia chunguni ni kuivunja tu, na iliyozoea hewa huoza kwa urahisi ikifukiwa.

Baada ya hapo, kaa siku 3 hadi 5 bila kumwagilia. Mbolea isubiri hadi uone ncha mpya za kijani au nyekundu kwenye mizizi.

Mmea usiobaki na mzizi

Hapa chungu cha magome hakisaidii, kwa sababu hakuna cha kunyonyea maji na majani yanaendelea kuyapoteza. Lowesha sfagnamu, ikamue kwa nguvu zote mpaka isitoe hata tone, weka konzi moja chini ya mfuko wa plastiki angavu, kisha weka mmea juu yake bila kuufukia. Funga mfuko. Uweke penye mwanga mwingi lakini jua lisiufikie, kwenye joto la nyuzi 24 hadi 27. Jua likiupiga mfuko uliofungwa, mmea utapikika ndani. Fungua mara moja kwa wiki, ingiza hewa, kagua ukungu. Mizizi huja baada ya wiki kadhaa, mara nyingine miezi. Majani yaliyokunjamana sana mara nyingi hayanyooki upya hata mmea ukipona, hivyo usiyapime hayo. Pima mizizi ikifika sentimita 4 au 5, ndipo upande.

Moyo uliooza na majani yenye bakteria

Moyo wa Phalaenopsis ukiwa umeoza, pindua mmea maji yatoke, ng'oa kilicholegea, tia peroksaidi ile ya mara moja, kausha kwa tishu na uweke mbele ya feni. Ncha hiyo ya kukua ikifa, mmea hauwezi kuota jani juu tena. Lakini mizizi ikiwa mizima, mara nyingine mtoto huchipua kitakoni baada ya miezi, kwa hiyo usiharakishe kuutupa.

Jani la bakteria likatwe sentimita 2 au 3 ndani ya sehemu nzima, si kwenye mpaka wa doa, maana bakteria wameshautangulia weusi unaouona. Tupa jani kwenye mfuko uliofungwa, nawa mikono, tenga mmea, na acha kulowesha majani ya mimea ya jirani.

Kuzuia

Kumwagilia kwa ratiba ya kalenda ndilo shina la matatizo. Kati ya mara moja na nyingine zinaweza kupita siku 5 au 12, kutegemea joto, mwanga, chungu na magome. Nyanyua chungu: kikiwa chepesi kuliko ulivyokizoea na mizizi imegeuka rangi ya fedha, mwagilia. Chungu kisipoonyesha ndani, chomeka kijiti cha mbao katikati kwa dakika 10. Kikitoka na unyevu, subiri. Ukimwagilia, mwagilia kwelikweli: pitisha maji mengi, yachuruzike yote, ndipo urudishe mmea kwenye chungu cha pambo. Fanya asubuhi. Maji yakikaa kati ya majani yafyonze kwa pembe ya tishu, hasa usiku ukiwa wa baridi.

Magome yabadilishwe kila baada ya mwaka 1 hadi 2, hata kama mmea unaonekana mzima. Sfagnamu huchakaa mapema zaidi.

Mwanga husomwa kwenye jani. Kijani kilichoiva sana, cha giza, maana yake mwanga hautoshi, na chungu hakitakauka kwa wakati; njano yenye wekundu ni mwanga uliozidi. Dirisha la jua la asubuhi linafaa. Joto la nyuzi 18 hadi 29 linatosha Phalaenopsis, na chini ya 15 kwa muda mrefu hudhoofika. Unyevunyevu wa hewa wa asilimia 50 hadi 70 ni mzuri, mradi hewa inatembea. Unyevu bila upepo ni shamba la bakteria. Feni ndogo, isiyolenga mmea moja kwa moja, ina thamani kuliko chupa ya kunyunyizia.

Mbolea iwe robo ya kipimo cha pakiti, mara moja kwa wiki wakati mmea unakua, na mara moja kwa mwezi suuza chungu kwa maji matupu. Ukoko mweupe juu ya magome ni chumvi, nayo huchoma ncha za mizizi zikawa nyeusi na kufungua njia ya uozo. Vidung'ata na vidugamba, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, hujificha kwenye makwapa ya majani. Vifute kwa pamba yenye spiriti, rudia kila wiki mpaka usione kipya.

Mmea uliopoteza zaidi ya nusu ya mizizi usiuache na maua. Likate shina la maua hata kama limechanua lote, uliweke kwenye glasi ya maji. Litapendeza siku nyingi huko, na nguvu iliyobaki itaenda kwenye mizizi.