Kabla ya kupuliza rangi modeli ya matatu, ziba matundu yote

Modeli nyingi za matatu nilizoona zikiharibika hapa Kisumu ziliharibikia kwenye tundu moja ambalo mwenyewe hakulikumbuka. Kwa hivyo kabla hujatikisa kopo la rangi, fuata haya.

Plastiki ioshwe kwa maji ya sabuni na ikauke. Kadibodi ipanguse kwa brashi kavu tu. Nunua maskingi tepu mpya, yaani tepu ya karatasi ya kuzibia rangi, maana iliyokaa juani huacha gundi. Selotepu usiiguse. Ukingo wa roli hubeba vumbi, basi bandika tepu kwenye kipande cha kioo, ukate ukingo mpya kwa wembe. Gazeti, kama wanavyotumia mafundi wa magari ya kweli, linafaa kwa sehemu kubwa, ila likunje mara mbili. Rangi ikilowesha karatasi moja, wino wa habari utahamia kwenye dirisha lako.

Sasa matundu yenyewe. Madirisha na mlango kila mtu huyakumbuka. Mimi pia niliyakumbuka. Nilikuwa nimemuundia kondakta mmoja basi la abiria 33, kipimo cha 1 kwa 24, kwa hivyo gari la mita 8 likawa sentimita 33 hivi. Viti vyote vilikuwa ndani, vioo vimeshagundishwa, vitaa vya LED vinawaka. Nilifunika kila dirisha kwa nje, nikasugua kingo za tepu kwa kijiti cha meno, nikapuliza. Nilipobandua tepu, vioo vilikuwa safi kwa nje. Kwa ndani vilikuwa na chembechembe nyekundu, kama vumbi la barabara ya murram. Rangi iliingia kwa chini, kupitia fenda za magurudumu na katundu ka sakafuni nilikopitishia nyaya za taa. Ukungu wa rangi husafiri na hewa, na modeli ikiwa wazi chini, hewa hiyo huingia na kuzunguka ndani hadi chembe zitue popote. Nikajaribu kufuta kwa pamba yenye thina kupitia mlangoni. Vioo vikaingia ukungu mweupe, kwa kuwa thina hula plastiki. Ilibidi nikate paa lote, ningʼoe vioo kimoja kimoja na kuanza upya, huku mwenye kazi akipiga simu kila jioni.

Tangu siku hiyo, nikimaliza kuziba naingia chumba chenye giza na kuwasha vitaa vya basi lenyewe. Kila panapochungulia mwanga, rangi itapita: grili, tundu la ekzosi, nyufa za mlango, chini ya dashibodi. Fanya hivyo hata kama una haraka. Kwenye fenda sukuma vipande vya sponji ya godoro vilivyo vinene kuliko tundu, vijibane vyenyewe. Tishu iliyoloweshwa hukaa vizuri kwenye modeli ya plastiki, lakini kwenye kadibodi itavimbisha kuta. Hesabu vipande ulivyoingiza na uandike idadi, ili utoe vyote.

Mkono wa kwanza wa rangi uwe mwepesi sana, ukauke kidogo na kufunga kingo za tepu. Usielekeze kopo moja kwa moja kwenye tundu hata kama limezibwa. Tepu ibanduliwe kabla rangi haijamaliza kukauka, polepole, ukiikunja irudi nyuma juu yake yenyewe.

Puliza asubuhi. Alasiri upepo wa ziwa hukurudishia rangi usoni, jioni vijidudu vya ziwani hufuata taa na kunasa kwenye rangi mbichi, na mvua ikikaribia unyevu hupausha rangi. Funga pua na mdomo, fungua madirisha ya nyumba, watoto wakae mbali. Jiko lizimwe kabisa, hata la chai, na kopo lililoisha lisitupwe kwenye moto wa takataka.