Somo: Kusoma lebo ya chakula kabla hujalipa

Kila wiki natumiwa picha za pakiti: "Mkuu, hii inafaa?" Nimechoka. Shikeni hili.

1. Geuza pakiti. Mbele ni tangazo tu.

2. Soma viambato. Kilichowekwa kwa wingi ndicho hutangulia. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, umeshajua. Dekstrosi na sharubati ya glukosi ni sukari hiyohiyo iliyobadili kanzu.

3. Namba zile ni za kiasi gani? HAPA niliingia mkenge. Mzee wangu ana kisukari. Nikamnunulia juisi ya boksi, lita moja, kwa kuwa niliona "sukari 11 g". Nikajiona mjanja. Kumbe ni kwa kila mililita 100! Mzee akanywa nusu boksi jioni ile: gramu 55, karibu vijiko 14 vya chai. Kipimo kilivyopanda usiku ule sitaki kukumbuka. Biskuti nazo huandikwa kwa vipande viwili, na nani anakula viwili? Soma kichwa cha safu kwanza, ndipo namba. Ukilinganisha bidhaa mbili, tumia safu ya gramu 100 pekee.

4. Chumvi. Ikiandikwa sodiamu, zidisha kwa 2.5. WHO inataka mtu mzima abaki chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku.

MASWALI

– Kwa hiyo juisi anywe au asinywe?
Hatua ya 3.

– Nimesoma mkuu, ila anywe?
Hujasoma.

– Mafuta yangu ya alizeti yameandikwa "hayana kolesteroli". Ndiyo bora?
Swali zuri, dada. Mafuta ya mimea yote ndivyo yalivyo. Ni sawa na muuza maji kuandika "hayana mifupa". Wewe tafuta kwenye viambato kama yametiwa haidrojeni, gesi ya kuyafanya yagande. Ukikuta, rudisha rafuni.

– Mama yangu hesabu hizi haziwezi. Hakuna njia nyepesi?
Ipo, ila si kwetu. Chile tangu 2016 chakula kilichozidi sukari au chumvi hupigwa alama nyeusi ya pembe nane mbele ya pakiti. Mexico wakafuata 2020. Kwa sasa mwambie mama asome viambato vitatu vya mwanzo tu.

– Maandishi madogo kama mayai ya chawa!
Piga picha kwa simu, kisha ikuze.

– Nyongeza: ukikuta stika imebandikwa juu ya tarehe, ichungulie chini yake.
Hiyo sikuijua. Asante.