SOMO: Kubana rekodi za mwalo ziingie 28 kwenye SMS moja

Wakuu, swali la "natumaje takwimu za mwalo bila kumaliza salio" limeulizwa hapa mpaka limechakaa, na kila mara najibu nusunusu kwenye uzi wa mtu mwingine. Leo naliweka zima. Ukinifuata inbox na swali ambalo jibu lake liko hapa, nitakutumia kiungo cha uzi huu, basi.

Kazi yenyewe: mwandishi wa takwimu pale Kibirizi, Katonga au Ujiji, mialo ya Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, anapokea mitumbwi alfajiri. Anaandika aina ya samaki, saa, uzito na joto la maji, kisha anatuma kwa SMS kwa sababu intaneti si ya kutegemea. Wengi wanatuma hivi:

2025-03-14 05:40,MGEBUKA,137.5,24.6

SMS moja ina baiti 140, yaani herufi 160 za biti 7 (biti ni 0 au 1, baiti moja ni biti 8). Mistari ya namna hiyo inaingia minne tu.

HATUA YA 1. Orodhesha kila sehemu ya rekodi na thamani zote zinazowezekana. Zinazowezekana, siyo zile ulizoziona wiki iliyopita.

HATUA YA 2. Hesabu biti. Biti n zinabeba thamani 2 kwa kipeo cha n, kwa hiyo:
– aina: biti 3 (0 dagaa, 1 mgebuka, 2 sangala, 3 kuhe, 4 wengineo, 5 na 6 akiba, 7 haijulikani)
– dakika tangu saa sita usiku: 0 hadi 1439, biti 11
– uzito kwa nusu kilo: biti 11, 2047 maana yake haukupimwa
– joto la maji kuanzia nyuzi 20.0 kwa sehemu za kumi: biti 7, linafika 32.6, 127 maana yake hakuna kipimo

Jumla biti 32, baiti 4 kamili. Zile thamani za "hakuna" zitengwe mapema. Ukitumia sifuri kwa kazi hiyo, hutajua kama mtumbwi umerudi mtupu au mzani uliharibika.

HATUA YA 3. Kinachojirudia kiandikwe mara moja kwenye kichwa cha ujumbe: toleo la mpangilio huu biti 4, namba ya mwalo biti 4, siku tangu 1 Januari 2020 biti 16, idadi ya rekodi baiti 1. Ongeza baiti 2 za CRC mwishoni, yaani namba ya kukagua kama ujumbe umefika bila kuharibika. Mzigo wa ziada ni baiti 6.

HATUA YA 4. Geuza desimali kuwa namba kamili kwa kukadiria hadi iliyo karibu zaidi, usikate. Kwenye Python na JavaScript 0.29 × 100 inatoka 28.999…, ukikata unapata 28.

HATUA YA 5. Panga biti. Hapa ndipo kazi za watu zinapoharibikia, someni taratibu.

N = (aina << 29) | (dakika << 18) | (uzito << 7) | joto

Mgebuka wa saa 05:40, kilo 137.5, nyuzi 24.6: aina 1, dakika 340, uzito 275, joto 46. N ni 626035118, na kwa heksa (namba za msingi wa 16) ni 25 50 89 AE. Hesabu kwa mkono kabla ya kuandika programu. Usipopata baiti hizo nne kwa mpangilio huo, usiendelee.

Mpangilio ndio mtego. Baiti kubwa, yaani yenye biti za thamani ya juu (hapa ni 25), itangulie, pande zote mbili. Kwenye struct.pack ya Python andika ">I", usiache "I" tupu, kwa sababu itafuata mashine uliyopo, na kompyuta zetu nyingi huanza na baiti ndogo. Mtumaji akianza na ndogo na mpokeaji akasoma kwa kuanza na kubwa, rekodi ileile inasomeka aina 5, saa 15:30, kilo 336.0, nyuzi 23.7. Tazameni hizo namba: saa ipo, uzito upo, joto ni la ziwani kabisa. Programu haitalalamika, na ripoti itafika kwa bosi ikiwa uongo mtupu. CRC nayo haitakuokoa, maana yenyewe inalinda baiti zisibadilike njiani. Haijui ulikusudia zisomwe kutokea upande gani.

Onyo la pili: chuja kabla ya kupanga. Uzito wa 2048 ukiingia bila kuchujwa, biti yake ya juu inamwagikia kwenye dakika. Unapata kosa la uzito na kosa la saa kwa wakati mmoja, na utatafuta pasipo.

Onyo la tatu kwa wenye Arduino Uno R3 au ya kabla yake: int yake (namba kamili ya kawaida) ni biti 16. Andika (uint32_t)dakika << 18, la sivyo dakika hazitakuwepo kabisa.

HATUA YA 6. Weka CRC-16 ya baiti zote zilizotangulia. Ziko aina nyingi zenye jina karibu sawa, kwa hiyo pima kwa maandishi 123456789: ukianza na FFFF kwa polinomia 1021 lazima upate 29B1. Ukipata 31C3 umeanza na sifuri. Chagueni moja, pande zote zifanane.

HATUA YA 7. Geuza kuwa Base64 (kila baiti 3 zinakuwa herufi 4 za kawaida), tuma. Rekodi 28 ni baiti 112, na zile 6 ni 118, zinakuwa herufi 160 kamili. Nafasi ya "asante" haipo. Zima saini ya simu inayojiandika mwishoni, kwani herufi moja ya ziada inakupeleka SMS mbili, na ukiingia emoji unabaki na herufi 70.

MASWALI

Fundi_Mwanga: Kwa nini usitumie gzip tu, ile ya kubana mafaili, uache kujitesa?

Mwandishi: Kichwa cha gzip ni baiti 10 na mkia baiti 8. Hizo 18 umeshalipa kabla ya data, na rekodi zangu nne ni baiti 16. Gzip ni ya faili kubwa lenye marudio.

Mnyamwezi_Halisi: Nimefuata kila kitu haifanyi kazi. Msaada wa haraka.

Mwandishi: "Haifanyi kazi" ndiyo nini? Weka baiti ulizotuma na lugha unayotumia.

Mnyamwezi_Halisi: JavaScript. Dagaa, migebuka, sangala, kuhe sawa, wengineo inatoka namba hasi.

Mwandishi: Hilo ungesema mwanzo. JavaScript ikishapanga biti inaichukulia namba kuwa ya biti 32 yenye alama (inayoweza kuwa hasi), na aina 4 kwenda juu inawasha biti ya mwisho kabisa. Malizia na >>> 0. Wakati wa kusoma pia tumia >>> badala ya >>.

Mzee_wa_Katonga: Mzigo ukizidi kilo 1,023?

Mwandishi: Shikamoo mzee. Gawa rekodi mbili zenye dakika ileile, mpokeaji ajumlishe.

BintiUjiji: Naomba kuuliza. Dagaa ndio wengi kila siku. Kuwapa biti 3 sawa na kuhe anayeonekana mara moja moja siyo hasara?

Mwandishi: Swali zuri sana dada, na ndilo alilolijibu David Huffman, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, mwaka 1952. Anayeonekana sana apewe kodi (msimbo wa biti) fupi: dagaa 0, mgebuka 10, sangala 110, waliobaki 111 ikifuatiwa na biti 2. Hakuna kodi inayoanza kama kodi nyingine nzima, ndiyo maana msomaji hahitaji alama ya kutenganisha. Chukua rekodi kumi, dagaa 7, migebuka 2, sangala 1: biti 14 badala ya 30. Lakini ukigawanya, unaokoa wastani wa biti 1.6 tu kwa rekodi, na SMS inatoka rekodi 28 kwenda 30. Waliobaki nao sasa wanakula biti 5, kwa hiyo siku ya kuhe wengi utapata hasara.

Mimi ningeanza na dakika, zenye biti 11. Panga rekodi kwa saa, andika ya kwanza nzima, zinazofuata andika tofauti tu kwa biti 7. Thamani 127 iwe ishara kwamba biti 11 kamili zinafuata, kwa pengo refu. Rekodi inashuka biti 28, zinaingia 32.

BintiUjiji: Na zote mbili pamoja?

Mwandishi: Kwa mchanganyiko uleule wa samaki, 34. Ila rekodi hazianzi tena mwanzoni mwa baiti, unasoma biti kwa biti, na kosa moja linavuruga zote zinazofuata. CRC ikikataa, tupa ujumbe mzima uombe tena. Na badilisha namba ya toleo kwenye kichwa, usisahau.

Kijana_Gungu: Mitumbwi yangu ya alfajiri inasomeka saa 11:40 mchana kwenye seva.

Mwandishi: Mwandishi wako ameandika saa kumi na moja na dakika arobaini ya alfajiri kama anavyoitamka, programu ikapokea 700 badala ya 340. Usimwachie achape saa. Programu ichukue saa ya simu. Kama lazima achape, mpe kitufe cha alfajiri, mchana, jioni, usiku, ugeuze mwenyewe.

Fundi_Mwanga: Ongezea hapo. Huko Kagunga, mpakani, simu ikidaka mtandao wa Burundi inarudi nyuma saa nzima.

Mwandishi: Kweli, wao wako saa moja nyuma yetu. Zima saa ya kujirekebisha kwa mtandao, au programu ihesabu kwa saa ya UTC (saa ya pamoja ya dunia) na kuongeza 3 yenyewe. Ongeza kabla ya kuamua ni siku gani, maana mtumbwi wa saa nane na nusu usiku kwa UTC bado ni wa jana.