Kitengo cha ofa za kila siku kinawatia hasara? Anzeni kwenye hesabu

Hii ni kwa wewe uliyekabidhiwa kitengo cha ofa za kila siku ndani ya kampuni ya gazeti, redio au tivii, yaani mnauza mtandaoni vocha za punguzo za biashara za watu na mnunuzi anaenda nazo kuhudumiwa huko, kila mwezi ripoti inasema mauzo yamepanda alafu mhasibu anakwambia hamna kitu, na bosi ameshaanza kuuliza kama mbadilishe jina la saiti au muongeze punguzo. Jina liacheni. Punguzo ndo kabisa msiliguse.

Chukua ofa moja iliyouza vizuri, moja tu, uichambue mpaka mwisho. Tuseme bei ya kawaida ya huduma ni 100, mmeiuza nusu bei, yaani 50, na mnagawana nusu kwa nusu na mwenye biashara, kwenu inabaki 25. Hiyo 25 ndo mapato yenu. Ile 50 siyo yenu, nusu yake ni hela ya mtu mnamshikia tu. Utasema hili linajulikana, lakini hata Groupon, kampuni kubwa ya Marekani ya ofa kama hizi iliyoanzia Chicago 2008, walikuwa wanahesabu hela yote ya mnunuzi kama mapato mpaka 2011 walipokuwa wanajiandaa kuingia soko la hisa ikabidi warekebishe vitabu, mapato ya 2010 yakashuka kutoka kama dola milioni 713 mpaka 313. Biashara ile ile, wateja wale wale, ukitoa hela ya wenyewe inabaki chini ya nusu.

Sasa kwenye hiyo 25 toa ada ya malipo ya mtandaoni, kamisheni ya aliyeileta ofa, gharama ya picha na maandishi, mshahara wa anayepokea simu za malalamiko, na hela mtakayowarudishia wanunuzi. Hii ya mwisho ndo inasahaulika sana manake inakuja imechelewa, mnauza leo mnafurahi, mtu anarudi baada ya wiki kadhaa anasema nimepiga simu kuweka nafasi hawapokei, nataka hela yangu. Machi 2012 Groupon walilazimika kupunguza mapato ya robo ya mwisho ya 2011 kwa dola milioni 14.3 kwa sababu hawakuwa wametenga akiba ya kutosha ya kurudisha, na shida kubwa ilikuwa kwenye ofa za bei ya juu. Kwa hiyo tengeni akiba siku ile ile mnayouza, na ofa ya bei kubwa itengewe zaidi.

Na hela ya wenye biashara ikae akaunti yake. Nasema hivi kwa sababu kitengo cha ofa kinapokea hela haraka na kulipa taratibu, na kwenye kampuni ambayo matangazo yanashuka lazima kuna mtu atatamani kulipia mishahara na ile hela iliyolala pale. Mkishaanza hivyo mnalipa wenye ofa za mwezi uliopita kwa mauzo ya mwezi huu, na siku mauzo yakisinyaa ndo mnagundua mna deni.

Alafu kuna gharama ambayo Groupon hawakuwa nayo ila ninyi mnayo. Mnatangaza ofa zenu kwenye kurasa zenu na hewani kwenu, mnasema bure. Siyo bure! Ile nafasi ingeweza kuuzwa. Iandikieni bei ile ambayo mngeiuza kweli kwa mteja wa kawaida (siyo ile ya kwenye karatasi ya bei ambayo hakuna anayeilipa) muitoe kwenye hesabu ya ofa. Kama nafasi ingekaa wazi hata hivyo, andikeni sifuri, lakini muwe wakweli.

Baada ya hapo kaeni na watu wa mauzo, na hapa ndo pa kutumia muda kuliko sehemu nyingine zote. Muuza matangazo wa gazeti amezoea kumfuata mteja yule yule kila mwaka. Ukimwambia auze na ofa, ataenda kwa nani? Kwa mteja wake wa siku zote, na yule mteja akisikia anaweza kutokea kwenye gazeti bila kutoa hela mfukoni, anakatwa tu vocha zikiuzwa, kwa nini alipie tangazo tena? Mnaingiza kamisheni mkono huu mnapoteza tangazo mkono ule, na ripoti ya ofa itaonyesha faida tu. Toeni orodha ya biashara zote zilizoweka ofa, linganisheni na vitabu vya matangazo, muone kila moja ilikuwa inalipa kiasi gani kabla na inalipa kiasi gani baada. Kama wengi ni wateja wenu wa zamani walioacha kutangaza, basi kitengo kinakula mtaji wa nyumba nzima. Dawa yake ni kuwa na wauzaji wa ofa peke yao, wawalenge wale ambao hawajawahi kutangaza kwenu, na kamisheni ya ofa isizidi ya tangazo, manake muuzaji anafuata inakolipa, hata wewe ungefuata.

Mwenye biashara naye mlindeni hata kama mwenyewe hajali. Uingereza 2011 kulikuwa na mwokaji aliweka ofa ya keki ndogo kumi na mbili kwa punguzo la asilimia 75, wakanunua watu 8,500, yaani keki 102,000, akaishia kuajiri vibarua na kula hasara. Kabla ya kutangaza muulizeni kwa wiki anaweza kuhudumia wangapi zaidi ya wateja wake, wekeni kikomo cha vocha kwenye mfumo na kikifika ofa ijifunge yenyewe. Ataomba kikomo kiondolewe akiona zinauzwa. Kataeni.

Tarehe ya kuisha iandikwe wazi, na amueni mapema vocha ikiisha muda bila kutumika ile hela aliyolipa mnunuzi inakwenda wapi. Marekani Groupon walishtakiwa kwa jambo hilo, na 2012 wakakubali kutoa dola milioni 8.5 kumaliza kesi. Someni sheria ya kwenu kabla hamjaanza kuhesabu vocha ambazo hazijatumika kama faida.

Kuhusu kila siku: acheni. Kutafuta ofa nzuri 30 kwa mwezi hakuwezekani kwa timu ndogo, mnaishia kurudia aina zile zile na msomaji anajiondoa kwenye orodha ya imeli, ambayo ndo hiyo hiyo mnatumia kumpelekea habari. Tenganisheni orodha hizo mbili leo, nendeni ofa mbili au tatu kwa wiki, muangalie wanaojiondoa wanapungua au la.

Chumba cha habari kikae mbali. Mwandishi asiandike sifa za biashara yenye ofa wiki hiyo, na ofa iwekewe alama ya tangazo inayoonekana, siyo vile viherufi vya kijivu.

Kama mmefanya yote haya na hesabu bado haifungi, siyo ninyi peke yenu. Facebook wenyewe walianzisha ofa zao Aprili 2011 wakazifunga mwaka huo huo, Google walifunga Google Offers 2014, na LivingSocial, mshindani wa Groupon aliyewahi kupata uwekezaji wa dola milioni 175 kutoka Amazon, iliishia kununuliwa na Groupon 2016. Njia ya kati ipo, ndo ile waliyopita kampuni ya magazeti ya McClatchy 2010, kushirikiana na Groupon badala ya kujenga mfumo wao, mnapata kidogo lakini simu za malalamiko hazilii kwenu.

Mkiamua kufunga, anzeni kwa kusimamisha mauzo mapya huku saiti inaendelea kuwepo. Walipeni wenye biashara wote kwanza, wapeni wanunuzi tarehe ya mwisho ya kutumia vocha au kudai hela, tangazeni hiyo tarehe kwenye gazeti na hewani kama mlivyokuwa mnatangaza ofa, na namba ya simu iendelee kupokelewa na mtu mpaka vocha ya mwisho itakapoisha muda.