Ukiambiwa una homa ya ini C, anza hapa

Nilijidunga unga, yaani heroini, miaka tisa kwenye maskani za Kinondoni. Sasa nakunywa methadoni, dawa ya kuachia unga, kila asubuhi, na vijana hunifuata wameshika karatasi ya kipimo, nyuso zimewashuka.

Uliza kwanza umepimwa nini. Kipimo cha tone la kidole hutafuta kingamwili tu, yaani alama kwamba kirusi kiliwahi kukuingia. Alama hiyo haifutiki hata ukipona, na takriban mmoja kati ya wanne mwili wake hukifukuza wenyewe ndani ya miezi sita. Dai kipimo cha pili, cha kirusi chenyewe. Mimi karatasi ya kwanza niliikunja nikaificha kwenye soksi, mwaka mzima najihesabu marehemu. Ujinga mtupu.

Kirusi kikionekana, pombe iache leoleo. Wengi tukipunguza unga tunaziba pengo kwa gongo, na ini lenye C likipata gongo hujaa makovu mapema. VVU nayo huyaharakisha, kwa hiyo ARV usiruke. Pima na homa ya ini B kabla ya tiba, maana kuitibu C kunaweza kuiamsha B iliyolala. Kama huna B, chanjwa; C haina chanjo.

Vidonge vya sofosbuvir na daclatasvir humezwa wiki 12, na zaidi ya watu 95 kati ya 100 hupona. Methadoni haigombani navyo. Rifampicin ya kifua kikuu ndiyo inayogombana navyo, inavikata nguvu. Ukiwa kwenye dozi ya TB, sema, hata kama hujaulizwa.

Kupona hakukukingi. Unaweza kuipata tena kesho. Kama bado unajidunga, bomba liwe jipya kila mara, na kijiko, pamba na maji viwe vyako peke yako. Bomba langu nililifunga uzi mwekundu lisichanganyike, kumbe kikombe cha maji tulikichovya watu wanne! Nahisi C niliipatia humo. Na mwenzio akishikwa na arosto, yale mateso ya kukosa unga, akakuomba umwachie damu yako kwenye bomba ajidunge, mkatalie, hata akununie.

Ukimaliza vidonge, hesabu wiki 12 nyingine ndipo urudi kupimwa kirusi. Mwambie mpimaji kabla hajakutoboa kidole kwamba ulishatibiwa, asije akakutisha upya na kingamwili zilezile.